Jino Kwenye Mfuko wa Sweta

Kila Jumamosi kazi ya Violeth ilikuwa kutwanga mahindi ya makande. Alikuwa darasa la sita, mikono yake ina nguvu, na pale kijijini Nambis majirani walizoea kuusikia mchi wake umande ukiwa bado haujakauka. Mdogo wake, Lucia wa darasa la tatu, alikaa karibu naye akichambua maharage kwenye ungo. Mama yao, Kornelia, alikuwa amewaonya mara nyingi: "Lucia asiguse mchi. Bado ni mdogo."

Asubuhi hiyo Mama alikuwa zizini anakamua, na Baba yao, Tadeo, alikuwa shambani kwenye vitunguu swaumu. Violeth alitaka kuwahi mazoezi ya kwaya kigangoni. Mahindi yalikuwa mengi, na mabega yalianza kumuuma.

"Lucia, chukua ule mchi mwingine tupokezane."

"Mama amekataa."

"Mama yuko zizini. Tukitwanga wawili tutamaliza sasa hivi."

Walianza vizuri, mmoja anainua, mwingine anashusha. Kisha punje chache ziliruka nje na Lucia akainama kuziokota. Mchi wa Violeth ukagonga ukingo wa kinu, ukamponyoka, ukampiga Lucia mdomoni.

Lucia hakulia mara moja. Alikaa chini, akaweka mkono mdomoni, damu ikapita katikati ya vidole. Violeth alitazama ndani ya kinu. Juu ya mahindi meupe palikuwa na jino la mbele, zima, na mzizi wake. Hakufikiri. Alilichukua, akalitia kwenye mfuko wa sweta, akafunika kinu kwa ungo.

Mama alikuja mbio. "Kuna nini?"

"Ameanguka," Violeth alisema. "Alikuwa anafukuza kuku, akaangukia mawe kule njiani."

Alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine anayeongea mbali. Lucia alimtazama dada yake, akanyamaza.

Mama alikunja kitambaa safi, akamwambia Lucia akiume. Kisha akauliza, "Jino liko wapi? Mwalimu alituambia kwenye kikao cha wazazi kwamba jino la ukubwani likitoka, daktari anaweza kulirudisha. Liko wapi?"

"Sijui. Labda kule kule kwenye nyasi."

Mama akaita jirani, mzee Margwe, wakaenda njiani. Walipiga magoti, wakapekua nyasi na kuinua mawe. Violeth alisimama akiwatazama. Alijua angeweza kusema neno moja tu nao wangeinuka, lakini neno halikuja. Hakusikia hofu wala huruma. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama miguu inavyokufa ganzi mtu akikalia benchi muda mrefu. Mkono wake tu ulikuwa mfukoni, umefumba jino.

Mwishowe mzee Margwe akasema, "Kornelia, tunachelewa. Mpeleke mtoto." Pikapu iliyobeba vitunguu swaumu kwenda Mbulu mjini ilikuwa inapita, wakapanda wote watatu. Njia nzima Lucia aliegemea kifua cha Mama. Violeth alihesabu magunia, akasahau idadi, akaanza tena.

Hospitalini walipokelewa na daktari wa meno, mama mmoja mpole aliyeitwa Philomena.

"Shikamoo, Daktari," Violeth alisema kwa mazoea.

"Marahaba." Daktari alikuwa ameshainama kwa Lucia. Alitazama kama anapumua vizuri. Akauliza kama alizimia au kutapika. Akamminya taya taratibu pande zote mbili, akamulika ndani ya mdomo kwa tochi ndogo.

"Alianguka wapi? Kichwa kiligonga mawe?"

"Sikuwepo," Mama alijibu. "Dada yake ndiye aliyeona."

Daktari akamgeukia Violeth. "Mwanangu, nisaidie. Kama kichwa kiligonga mawe, kwanza tutamwangalia kichwa, jino litasubiri. Kama hakikugonga, naanza na jino sasa hivi. Ila jino lenyewe sinalo."

Violeth alitoa mkono mfukoni, akaufungua juu ya meza. Jino lilikuwa limekauka, limeshika nyuzi za sweta.

"Hakuanguka," alisema. "Ni mchi wangu. Nilimwita tutwange. Jino nilikuwa nalo tangu nyumbani."

Mama alifumba macho.

Daktari naye hakugomba. Alilishika jino kwa upande wake mweupe bila kugusa mzizi, akalisafisha kwa maji ya chumvi. Alimchoma Lucia sindano ya ganzi, akasafisha tundu, akalirudisha jino taratibu mpaka likakaa sawa na jirani zake. Halafu akaliunga na meno ya pembeni kwa waya mwembamba. Akashona mdomo uliochanika, akampa na sindano ya kuzuia pepopunda.

"Violeth," alisema akivua glavu, "jino kama hili likitoka, shika kichwa chake, usishike mzizi. Lisuuze kidogo tu kwa maji safi, usilisugue, ulirudishe pale pale. Ukishindwa, liweke kwenye maziwa, ukimbie hospitali. La utotoni ndilo halirudishwi. Hili limekaa kavu muda mrefu, na mzizi ukikauka unaanza kufa. Nitafanya ninaloweza, ila siwezi kukuahidi."

Maziwa. Mama alikuwa ametoka kukamua wakati ule. Violeth alilielewa hilo, na bado chozi halikutoka.

Siku zilizofuata Lucia alikunywa uji na mtori. Mama alimtuma Violeth maji na kuni kama kawaida, lakini juu ya jino hakuongea. Baba aliendelea kuamini habari ya kuku.

Siku waya ulipotolewa, Daktari Philomena aligusa jino kwa kidole. "Limeshika," alisema. "Linaweza kudumu miaka, linaweza kudhoofika mapema. Mtamleta tutibu mzizi, na tutakuwa tunaliangalia."

Walipofika nyumbani, Lucia akakimbilia ndani. Mama akamshika Violeth bega.

"Mchi unaweza kumponyoka mtu yeyote, hata mimi," alisema. "Kilichoniumiza ni kwamba ulinitazama nimepiga magoti kwenye nyasi, ukanyamaza. Ukificha kosa, mwanangu, yule uliyemuumiza anaendelea kuumia. Lucia alihitaji ukweli wako mapema kuliko dawa."

Violeth aliinamisha kichwa.

"Baba yako sijamwambia. Nimesubiri asikie kwako."

Hapo ndipo machozi yalipokuja, mengi, ya siku zote zile. Mama alimwacha alie mpaka atulie. Kisha Violeth akajifuta kwa mkono wa sweta, akapita kati ya matuta ya vitunguu mpaka alipokuwa baba yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umelia?"

"Baba, mimi ndiye niliyemng'oa Lucia jino. Nikawadanganya wote."

Tadeo aliacha kulima. Akalaza jembe chini, akakaa kwenye tuta, akampisha nafasi pembeni yake.

"Kaa hapa," alisema. "Niambie tangu mwanzo."