Chumba Kikavu cha Noti za Mfano

Ndugu zangu na majirani zangu, haya ninayowasimulia yalitokea nyumbani kwangu, na Baba Kidoti amenipa ruhusa niyaseme bila kumficha. Mshukuruni kwa hilo. Si kila mwanamume atakubali mkewe amwanike hadharani.

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya kuchapa. Kwa kazi hiyo, vidole vyake haviishi wino. Jumapili mchana alikuwa ananawa kwa sabuni mpaka basi, anavaa glovu nyeupe, kisha anafungua sanduku la bati na kupanga noti zake mezani. Kidoti, binti yetu wa pekee, alipiga magoti kitini kando yake, mikono nyuma, maana kugusa kulikuwa marufuku. Mimi nikikunja nguo. Nyumba ilitulia, ikisikika tu redio ya jirani.

Noti zenyewe zilikuwa za makoloni ya zamani ya Afrika, nchi ambazo nyingine zimeshabadili hata majina. Tena zilikuwa noti za mfano. Yaani kabla pesa mpya haijatoka, wachapaji walitengeneza chache za kuonyesha mabenki ili watu waitambue. Namba zake ni sifuri tupu, penye sahihi zimetobolewa matundu, na juu zimegongwa neno jekundu la kukataza matumizi.

"Hii haijawahi kununua hata kiberiti," aliniambia siku moja, ameinua moja yenye picha ya mto. "Tazama mistari ya maji ilivyochongwa. Aliyeichonga alikuwa na mkono."

"Na hapa kwetu pia haijanunua kiberiti," nikamjibu. Tukacheka wote.

Kicheko hicho hakikudumu. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazina simile. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili. Cha nyuma tulilala mimi na mume wangu. Cha mbele, chenye dirisha linaloingiza jua, ndiko tulikokaa mchana na ndiko Kidoti alikolala. Paa la nyuma likaanza kuvuja, ukuta ukaota ukungu mweusi. Mume wangu akaingiwa na hofu. Karatasi ya zamani ikipata unyevu hupata madoa, na madoa hayo hayatoki.

Siku moja niliporudi kutoka sokoni nilikuta kitanda cha mtoto kimehamishiwa kwetu nyuma, kimebanwa kwenye ukuta uliolowa. Sanduku la bati limewekwa mbele, juu ya mbao, limezungukwa na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

"Baba Kidoti, mtoto ndiye alale kwenye maji?"

"Ni kwa muda tu, mke wangu. Mvua ikikatika nitaziba paa."

Mvua ikakatika, paa likabaki vilevile. Chumba cha mbele kikawa hakiingiwi. Wageni tuliwapokea kibarazani kama watu waliokosea nyumba. Kidoti akaanza kukohoa, halafu kifua kikawa kinapiga filimbi. Nikamwomba mume wangu amrudishe mbele.

"Akilala mle, pumzi zake zitatia unyevu," alinijibu, kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mtu kutumia mashine.

Ndugu msikilizaji, hapo hakuwa mkatili. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Alikuwa amezama tu, na aliyezama hasikii.

Jumamosi moja alijifungia mle ndani na rafiki yake, mzee mstaafu wa posta, ambaye naye hukusanya noti. Kidoti akabanwa na kifua. Alivuta hewa haiingii, midomo ikabadilika rangi. Niligonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Subiri kidogo," mume wangu akasema kutoka ndani. "Noti ziko wazi mezani, upepo utazipeperusha."

Aliyenisikia ni jirani yangu Mama Pindo, fundi cherehani. Aliingia na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akamtia mtoto mgongoni bila kuuliza. "Huo mlango uache," akaniambia. "Shika mguu wake asiteleze, twende."

Zahanatini, muuguzi alimvalisha Kidoti kinyago cha mvuke wa dawa. Taratibu kifua kikalegea. Mume wangu akafika anahema, glovu bado mkononi, wakati daktari anamuuliza mtoto analala wapi.

"Nalala kwenye ukuta wa maji," Kidoti akasema. "Pakavu zinalala noti za baba."

Hakusema kwa kushtaki. Aliulizwa, akajibu. Mume wangu alichuchumaa pale pale sakafuni. Daktari hakumfokea. "Dawa nitatoa mimi," alimwambia. "Huo unyevu wa ukutani atautoa nani?"

Mume wangu akainuka, akaondoka. Kesho yake tuliporuhusiwa kurudi, tulikuta kitanda cha Kidoti chumba cha mbele, dirisha wazi, na mume wangu juu ya paa pamoja na mume wa Mama Pindo, wanapigilia mabati mapya. Sanduku lote alikuwa amemuuzia mzee wa posta. Alilia kidogo, na mimi sikumcheka.

Kidoti sasa anakimbia na wenzake mpaka namwita arudi. Namshukuru Mama Pindo, aliyeacha nguo ya mteja chini ya sindano. Namshukuru muuguzi yule mwenye mikono myepesi. Na namshukuru mume wangu, kwa sababu wengi wangesikia maneno ya mtoto wakakasirika. Yeye aliona haya, akapanda paani. Jumapili nyingine humchukua Kidoti wakaenda kwa mzee wa posta kutazama noti, na hurudi wamechangamka.

FUNZO

Sisemi watu wasikusanye vitu. Noti zile zilikuwa nzuri, na aliyezichora alistahili kutazamwa. Ninalosema ni hili: kila mwenye kitu akipendacho nyumbani, ajiulize ni nani aliyehamishwa ili kipate nafasi. Akikuta ni mtoto, amrudishe leo, wakati mtoto bado ana pumzi ya kumwambia asante.