Kompyuta Iliyokataa Waifai

Yamempata leo mchana shoga yangu Twaiba, fundi wa kompyuta Kona ya Musa. Kompyuta ya mteja ilikuwa ikizimika kila akiiwekea waifai, basi akaing'oa kadi yake ya waifai, na bila kadi haioni mtandao wowote. Umeme ukapotea, duka likawa giza, ikabaki kuvuma kompyuta tu kwa betri. Mara mtandao mmoja ukatokea kwenye skrini.

Akanipigia akicheka. "Shoga, mumeo Feisal ana mtoto wa nje? Mtandao waitwa Mwanakombo binti Feisal."

"Nani amekwambia?" Wallahi nilimshuku Twaiba kuwa alinisikiliza kwa siri! Mwanangu ana siku tano; jina hutajwa siku ya saba, na hilo la Mwanakombo nimemnong'oneza mtoto mwenyewe tu sikioni.

Twaiba akaacha kucheka. "Kompyuta yajiunga yenyewe, na kadi ninayo mkononi. Imeandika: imeunganishwa."