Mahari ya Tongaren

Siku ya soko Kitale hakuna anayekuangalia mara mbili, ila ukianguka. Mtamba wa Gathii Wachira alianguka mbele ya umati mzima. Maua, mtamba wake wa pekee aliyemnunua Nakuru, aliletwa amelazwa ubavu kwenye lori, kafungwa kamba kwa saa tano. Aliposhushwa, mguu wa mbele ulikuwa ukiburutika, kwato imekunjika nyuma.

"Umevunjika huo, bana," mchinjaji Rotich akasema. "Niachie mimi."

"Hebu ngoja!"

Msichana mwenye gambuti nyeusi na kitambaa cha njano kichwani akapiga magoti topeni. Alipapasa mfupa kutoka begani hadi kwatoni, kisha akachoma ngozi ya mguu ule kwa sindano. Maua hakushtuka. Alipochoma mguu wa pili, nusura apigwe teke.

"Mfupa ni mzima. Neva ndio imefinywa, ndio maana hawezi kunyoosha mguu. Ameraria huu upande sana."

"Amerara?" Gathii akatabasamu.

"Cheka tu. Lakini usimchinje. Mpe wiki sita."

Aliitwa Nasambu, afisa wa mifugo aliyengoja kupangiwa kituo, kwao Kanduyi, Bungoma. Aliufunga mguu gango, akamfundisha Gathii kuukanda, na aliporudi kwao aliondoka na namba ya simu ya Gathii na, tuseme ukweli, moyo wake pia.

Kila jioni simu ililia.

"Umekura, mpenzi?"

"Kura? Uchaguzi bado!"

"Mjinga wewe! Mgonjwa wetu je?"

"Anakuulizia."

"Yeye ama wewe?"

"Sisi wote, dakitari."

Wiki ya tano Nasambu alipiga akihema kwa furaha. "Gathii! Mahari imepatikana Tongaren! Mzee wangu amefurahi sana! Jumamosi wanakuja kunichukua na vitu vya—" Krediti ikaisha.

Mtu aliyemcheka binti wa watu mwezi mzima kwa r na l angepaswa kujiuliza. Lakini wivu huziba masikio. Gathii alizima simu, akaacha kumkanda Maua. Kama daktari ameolewa, mgonjwa wa nini tena? Alimwagiza Rotich aje Jumamosi.

Asubuhi hiyo alifungua gango ili ampeleke Maua getini. Mtamba akasimama, akainua mguu, akaushusha. Kwato ilikanyaga chini, bapa. Akapiga hatua, na nyingine. Gathii aliegemea ukuta wa zizi akalia machozi ya aibu. Rotich alirudi mikono mitupu.

Saa sita pikapu ya kukodi iliingia Kanduyi, Maua amesimama nyuma. Kulazwa tena, hata kidogo. Nje ya nyumba ya kina Nasambu palikuwa na lori likipakiwa kitanda na masufuria. Nasambu alitoka na gauni kuukuu, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Wiki nzima umezima simu! Nimekukosea nini?"

"Nimemleta mgonjwa akuage. Bwana yako wa Tongaren ako wapi?"

"Bwana?"

"Si ulisema mahari imepatikana?"

Nasambu alimkodolea macho. "Mahari! Mahari pa kazi! Nimepewa kituo!"

"Mahari ya kazi?"

"Ma-ha-ri!" Kadiri alivyojitahidi ndivyo r ilivyozidi kunguruma. "Pahari! Eh, wewe unajua!"

Wapakiaji wawili waliweka godoro chini wapate kucheka vizuri. Gathii alitamani ardhi immeze.

"Nilikuwa nimchinje leo," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa hasira. Nisamehe."

Nasambu alipanda kwenye pikapu, akatoa sindano, akachoma ule mguu. Teke lilikuja moja kwa moja, likamkosa kidogo tu. Akacheka huku machozi yakimlenga.

"Anasikia! Gathii, anasikia!"

"Mimi pia, siku hizi nimeanza kusikia." Alishika kamba ya Maua. "Hebu litaje tena hilo neno."

"Neno gani?"

"Lile."

"Mahari," Nasambu akasema taratibu.

"Ndiyo hii." Akamwekea kamba mkononi.

Nasambu alimtazama mtamba, akamtazama kijana. Kamba hakuirudisha.

"Mzee yuko nyuma ya nyumba," alisema. "Mpelekee mwenyewe. Na simu uiwashe."