Pumzi Iliyozuiwa

Jioni ilikuwa imeshaingia, na Mama Mifupa anatundika aproni yake ya kinga aende zake nyumbani, mgonjwa wa mwisho alipobisha hodi. Jina hilo alibandikwa na manesi kwa sababu ya kazi yake ya eksirei. Naye huwajibu kwamba heri yeye anayeona mifupa kuliko wao wanaoshinda wakitazama makalio.

Mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu. "Sisi wote tunakula mawimbi," alipenda kutania. "Mimi nayarusha, wewe unayapenyeza." Na hakukosea. Mawimbi ya redio, ya simu, joto la jiko, mwanga wa jua na eksirei ni ndugu wa tumbo moja. Wimbi hili refu, lile fupi, basi. Wakiwa wamekaa barazani humwonyesha nyota. "Ile huenda ilishakufa zamani, mke wangu. Tunachokiona ni mwanga uliokuwa bado njiani." Mama Mifupa hakuzipenda habari hizo. Zilimkosesha raha.

Mgonjwa alikuwa mwanamume mrefu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Alinuka waya ulioungua.

"Picha ya kifua," alinong'ona.

"Karibu, kaka. Vua shati, simama hapa."

Akamsogeza, kifua kwenye ubao, kidevu juu. Ngozi yake ilikuwa ya baridi, baridi ya sakafu alfajiri. Kisha akaenda nyuma ya ukuta wa kinga, akasema kama anavyosema kutwa nzima:

"Vuta pumzi... Zuia."

Akabonyeza.

Mashine ikalia. Papo hapo simu ikaita mara moja mfukoni, ikakatika. Ukuta ule huzuia eksirei, na mtandao nao hupita kwa shida. Alikuwa mumewe. Mama Mifupa akatoka hadi ukumbini kumpigia, hajaitazama picha, wala hajasema lile neno ambalo watu wa kazi hiyo hulisema hata usingizini.

Hakumwambia mgonjwa apumue.

"Mke wangu..." Sauti ilitoka kwa tabu. "Niko juu ya mnara... kifua kimejaa. Hewa... haitoki."

"Umefunga mkanda?"

"Haitoki..."

"Shuka! Nani yuko hapo chini? Mume wangu, shuka!"

Mkoromo. Kisha upepo mtupu.

Akarudi ndani mbio kuchukua mkoba amkimbilie. Macho yakaangukia kwenye kompyuta. Picha ya yule mgeni ilikuwa imeshatokea. Kwenye mfupa wa bega la kushoto, kipande cha chuma. Skrubu zake zimepangwa vizuri, isipokuwa moja iliyokwenda upande.

Aliijua skrubu ile. Mumewe alipoanguka mnarani akavunjika, daktari akamfunga chuma, ni yeye aliyempiga picha huku machozi yakimtoka.

Ulikuwa mfupa wa mumewe.

Akachungulia kwenye kioo cha ukuta wa kinga. Mgeni bado amesimama vilevile, kidevu juu. Kifua kimejaa...



"Pumua!" akapiga kelele. "Pumua, nakuomba, pumua!"

Haaaaaa...

Taa zikafifia. Zilipowaka sawasawa, chumba kilikuwa kitupu. Mlango ni mmoja, na hakuna awezaye kuufikia bila kumpita Mama Mifupa.

Simu ikatetemeka mkononi.

"Imeachia," mumewe alisema. "Nashuka." Sauti laini, haina hata dalili ya kuhema.

Mama Mifupa alilia kwa furaha mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Mume alirudi nyumbani, akala, akacheka. Mkewe akaweka sikio kifuani pake, moyo ukadunda vizuri. Ilimpasa atulie. Hakutulia. Kesho yake akamwambia waende akampige picha, wapate uhakika. Mume akakubali mara moja, yeye ambaye hubishana hata juu ya rangi ya mapazia.

Picha ikatokea. Mapafu safi. Moyo mahali pake. Bega la kushoto...

Mfupa mweupe, ulionyooka.

Hakuna chuma. Hakuna skrubu.

Akadhani picha imegeuka, maana hutokea, kushoto ikawa kulia. Akatazama upande wa pili. Mfupa mzima vilevile, haujawahi kuvunjika. Na kovu la upasuaji alikuwa ameliona kwa macho yake muda mfupi tu uliopita, lipo palepale juu ya ngozi.

"Vipi, nimepona?"

Mume alikuwa ameshatoka kwenye ubao. Yuko mlangoni, anafunga vifungo vya shati taratibu, anatabasamu. Ni yeye. Hata lile pengo la jino.

Mama Mifupa akafungua kinywa apige ukunga. Amwite nani? Amwambie nini? Na akipiga ukunga, huyu naye akatoweka, atabaki na nani? Alimwogopa huyu. Alimpenda mwenye sura ile, yule wa chuma begani, na hakujua pa kwenda kumtafuta.

Akaifuta picha.

"Umepona," alisema, machozi yakimdondoka. "Twende nyumbani."

Akampa mkono. Naye akaushika.