Mlio Alioupenda Kinyozi

Enyi majirani mnaopenda magari kuliko usingizi, hadithi hii ni yenu. Na ninyi mnaoishi na watu hao, sogeeni pia, maana mateso yenu nayajua.

Kila Jumapili asubuhi kinyozi wa mtaa wetu aliliosha uani gari lake kuukuu la tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, huku mkewe ameketi kibarazani akikunja nguo kwa kupapasa. Mama huyo alikuwa fundi cherehani hodari, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemtoa kwenye kazi yake mwaka wa pili sasa.

"Linang'aa, Mama," kinyozi alimwambia.

"Nakuamini tu, Baba. Mimi naona kitu kama sufuria."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wanapendana, hilo mlijue mapema, msije mkamchukia kinyozi wangu bure.

Balaa liliingilia kwenye kiti cha kunyolea. Mteja mmoja, akichongwa ndevu, alisema gari kama lile linahitaji vali ndogo tu ya bei rahisi: unakaza skrubu kidogo, upepo wa tabo unaongezeka, gari linaruka. Wa pili akasema bila geji ya kupima upepo huo kwenye dashibodi hujui unachofanya. Wa tatu aliapa kwamba vyote viwili ni lazima. Kati ya watatu hao, hakuna aliyekuwa na gari. Lakini kinyozi, ambaye hakukubali hata siku moja mteja amchagulie wembe, alimeza yote bila kutafuna.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa fundi magari. Alifungua boneti, akabonyeza mipira ya kupitishia hewa kwa dole gumba.

"Shemeji, mipira hii imekauka, ina nyufa. Badilisha hii kwanza, na plagi, na breki. Vitu vya kuongeza nguvu tutaviangalia baadaye."

"Wewe nilikunyoa ukilia, makamasi yakikutoka," kinyozi alisema. "Leo ndiyo unifundishe?"

Ukweli ni kwamba mipira haionekani boneti likifungwa, na geji inaonekana na kila anayepanda. Akanunua vali na geji.

Kuanzia hapo, akikanyaga mafuta, gari lilitoa mlio mwembamba wa kufoka. Aliupenda mlio huo mno. Alikuwa akizunguka mtaa mara mbili ili ausikie tena.

"Baba, hapo panavuja," mkewe alimwambia.

"Hiyo ni nguvu, Mama."

"Cherehani yangu ikilia hivyo nilikuwa naizima."

Kinyozi hakulizima gari. Siku moja kabla ya upasuaji wa macho ya mkewe, upasuaji waliousubiri miezi mitano, aliikaza ile skrubu nusu mzunguko zaidi, ili wapande mlima wa hospitali kwa raha. Shemeji alijitolea kuwapeleka kwa pikapu yake ya kazi. Kinyozi akakataa. Mke wangu nampeleka mwenyewe, alisema.

Waliondoka mapema, Mama amevaa gauni lake la kutokea. Katikati ya mlima kitu kilipasuka mbele, pu, moshi mweusi ukatanda, na injini ikakohoa mpaka ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Kinyozi alisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili mpaka likatulia kwenye ukingo wa barabara.

Mkewe aligeuza uso kumwelekea. "Tumefika?"

Ndugu zangu, swali lile lilimkata maini.

"Bado, Mama. Nimeharibu."

Mama aliuweka mkoba wake mapajani. "Nilitaka nikuone," alisema. "Miaka miwili sasa nakusikia tu."

Kinyozi alilia pale pale, mikono kwenye usukani. Shemeji alipigiwa simu, akaja mbio, akawafikisha. Lakini orodha ya siku ile ilikuwa imefungwa, na muuguzi akawaandikia tarehe nyingine, wiki saba mbele.

Shemeji alifungua boneti, akakuta mpira mmoja wa hewa umepasuka, lakini hakumsimanga. "Tuanze na mipira," alisema tu. Wakabadilisha mipira na plagi, wakatengeneza breki, wakairudisha skrubu ilikokuwa. Na ajabu ni hii: gari likawa jepesi kuliko siku zote tangu alinunue, tena kimya. Nguvu aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ikivuja kupitia zile nyufa.

Wiki ya nane, baada ya upasuaji, Mama alifunguliwa bandeji. Alimtazama mumewe muda mrefu, kutoka kidevuni mpaka utosini.

"Mbona hukuniambia una mvi?"

"Sikuziona," kinyozi alisema. "Nilikuwa nashughulika na gari."

Mafunzo

Mwenye gari kuukuu, rudisha kwanza kilichopotea kabla hujadai ambacho halijawahi kuwa nacho. Kinachosimamisha gari kitangulie kinacholiharakisha. Msikilize fundi, hata kama ni shemeji yako na ulimnyoa akilia. Lakini zaidi ya yote msikilize anayekaa kiti cha pembeni, kwa sababu safari ni yake pia. Kinyozi wetu alipewa tarehe nyingine baada ya wiki saba. Wapo wasiopewa.