Kasoro Zote Zirekebishwe

Jumatatu ile ya Novemba 1961 ilianza kama Jumatatu zote pale Mabatini: mabati yalipata joto mapema, mama mdogo Wilhelmina akaanika dagaa uani, na barua ya serikali ikafika ikiwa imechelewa wiki mbili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikikaa chumba cha nyuma nyumbani kwa baba mdogo Venant. Yeye alitoka Nansio na ufundi ambao mjini hakuwa nao mwingine: kupaka rangi sanamu zenye urefu wa kidole. Kwa miaka mingi alitengeneza sanamu za Krismasi za kanisani, wachungaji waliochubuka pua na kondoo waliopoteza masikio.

Barua ilitoka Kamati ya Maonyesho ya Uhuru. Iliagiza sanamu arobaini zitakazosimama juu ya ramani ya mji, wageni waone taifa jipya lilivyo. Kifungu cha tatu nilikisoma mara mbili kwa utamu wake: "Sanamu ziwe za watu halisi wa Mwanza. Makovu, chunjua na kasoro zote za ngozi zirekebishwe." Chini kulikuwa na mhuri, saini mbili, na nafasi ya saini ya tatu, ambayo mwenyewe alikuwa likizo.

"Watu halisi wasio na kasoro," baba mdogo akasema. "Wanakaa mtaa gani hao, mwalimu?"

Akaikunja barua mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia.

Kamati ilimletea pia kopo moja la rangi ya kahawia, kwa ajili ya wananchi wote. Rangi hiyo akaipaka mlangoni mwa choo. Ngozi, alisema, haina rangi moja. Alianza na nyekundu ya udongo, juu yake kahawia nyepesi kama chai ya hotelini, tabaka kwa tabaka, kijani kidogo chini ya macho, zambarau kidogo mdomoni. Jirani aliyetengenezewa sanamu alikaa dirishani, na baba mdogo akajaribu rangi nyuma ya kiganja cha jirani huyo. Rangi ikipotea, usijue inaishia wapi na mkono unaanzia wapi, hiyo ndiyo aliyoichukua.

Akikosea hakufunika. "Kosa ukilifunika linavimba," aliniambia. "Livue kwa tapentaini mpaka udongo, uanze upya."

Barua hakuitii. Mzee Malimi, aliyeunguzwa shingo na mvuke kwenye kinu cha pamba, alipakwa na kovu lake. Mama mdogo, mwenye tundu za ndui mashavuni, alipakwa na tundu zake zote. Kitu kimoja kilimshinda baba mdogo: kijasho kilichomtoka mkewe juu ya mdomo kila alipokaanga samaki. Alijaribu kwa tone la vanishi. Likaonekana tone la vanishi. Akaacha.

Alhamisi asubuhi kovu la sanamu ya Malimi halikuwepo. Shingo ilikuwa laini, bila alama ya brashi.

"Umeigusa?" baba mdogo akaniuliza.

"Sijaigusa."

Akanitazama vidole hata hivyo. Chumba kile kilikuwa na funguo tatu: yake, yangu, na ya mama mdogo.

Mchana Malimi mwenyewe akaja. Hakungoja shikamoo yangu. Alifungua kola, na shingo yake ilikuwa kama ya mtoto.

"Fundi, umenifanya nini?"

"Sijakufanya kitu, mzee."

"Basi usiache," akanong'ona, akaenda zake akijipapasa.

Kufika Jumamosi mtaa ulikuwa umegawanyika. Nusu walisema baba mdogo ni mchawi. Nusu nyingine walisema ni mchawi, wakaja na chunjua zao.

Jumapili mama mdogo alitoka chumbani na kioo mkononi. Mashavu yake hayakuwa na tundu hata moja.

"Umeuchoka uso wangu, Venant?"

"Mina, sijagusa."

"Miaka kumi na tisa hujausema. Leo unausema kwa brashi."

Baba mdogo akaketi, akazirudisha zile tundu kwa ncha ya sindano, moja moja. Asubuhi hazikuwepo. Akarudia. Tukafunga chumba, funguo zote tatu nikazitia mfukoni mwangu. Hazikuwepo tena, na kidoa cheusi cha sikioni mwa mama mdogo kilikuwa kimezifuata. Baba mdogo akaanza kuniangalia nikila. Nami, aliponipa kikombe cha chai, nilinusa vidole vyake. Tapentaini. Lakini ni lini havikunuka tapentaini?

Jumatano mama mdogo aliniita uani, akanikunjulia viganja. Havikuwa na mistari. Vilikuwa kama tumbo la kijiko.

"Na hapa, mwanangu." Akagusa midomo yake. Upande wa kushoto, mahali mdomo unapokutana na shavu, palikuwa pamefungana. "Pakiisha hapa, nitasema kwa kitu gani?"

Niliingia kwa baba mdogo. Brashi ilimdondoka, nikainama kuiokota, nikaiona barua chini ya mguu wa meza. Nikaichomoa, nikasoma tena kifungu cha tatu. Kasoro zote. Hakuna aliyeandika kasoro ni nini, wala zinaishia wapi. Nyaraka za serikali nimesoma nyingi. Hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiona ikitekelezwa.

"Usiguse kitu," nikamwambia. "Naenda Kamati waifute."

Baba mdogo aliitazama sanamu ya mkewe. "Nikisikia adhana ya adhuhuri hujarudi, naivua. Nitaanza upya."

Karani wa Kamati aliitwa Chenge, mtu mnyoofu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho wala hakucheka, nami hilo sikulipenda.

"Barua haifutwi kwa mdomo," akasema.

Akapiga chapa nyingine, nakala mbili: "Kasoro zote zirejeshwe mahali pake." Akasaini. Kisha akatafuta mhuri. Mhuri ulikuwa ndani ya droo. Droo ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa kwa bwana mmoja aliyekwenda kunywa chai.

"Haiwezi kwenda bila mhuri?"

"Ile ya kwanza ilikuwa na mhuri," Chenge akasema polepole. "Mwalimu, mimi nisingethubutu."

Nilikaa kwenye benchi saa nzima. Bwana wa chai alirudi akipangusa masharubu. Mhuri ulipogonga karatasi, muadhini alikuwa ameshaanza.

Nikakimbia.

Harufu ya tapentaini nilikutana nayo barabarani.

Baba mdogo alikuwa mezani, kitambaa kimelowa. Mkononi alikuwa na kipande cha udongo mtupu. Hakina macho. Hakina mdomo.

"Mdomo ulikuwa umeshafungana nusu," akasema. "Sasa nitaanza vizuri."

Uani palikuwa kimya. Nikatoka. Ungo wa dagaa ulikuwa pale. Viatu vilikuwa pale. Khanga ya mama mdogo ilikuwa juu ya kigoda, imekaa kama mtu anavyokaa. Nikaishika. Ilikuwa imelowa. Ilinuka tapentaini.

Nikarudi ndani. Barua mpya nikaisukuma chini ya mguu wa meza. Sikujua lingine la kufanya.

Nyumba ya tatu Malimi akapiga ukelele. Kovu lilikuwa limemrudia, na moto wake.

Baba mdogo akaweka chini brashi ambayo hakuwa ameichovya. Sanamu mkononi mwake ilikuwa na rangi, kavu. Tundu za ndui. Kidoa cha sikioni. Mistari ya viganja, myembamba kuliko unywele.

"Mina," akaita.

Uani hakujibu mtu.

Polisi waliandika kwamba mama mdogo ameondoka kwa hiari yake, bila viatu. Kamati ilipokea sanamu thelathini na tisa, ikasaini arobaini. Baba mdogo hakupaka tena. Alirudi Nansio, na alipokufa aliniachia ile moja.

Ninayo kabatini, nyuma ya kioo. Nimemwonyesha padri, akaomba maji ya kunywa. Nimemwonyesha bwana mmoja wa makumbusho, akaivalia miwani, akauliza fundi alitumia vanishi gani pale juu ya mdomo, maana inang'aa kama imepakwa leo.

Hakuna vanishi. Kila Oktoba, joto likipanda kabla ya mvua, kijasho humtoka hapo. Namfuta kwa leso. Safari moja niliigusisha leso ulimini.

Ina chumvi.