Fomu Aliyojaziwa Fundi

Fundi cherehani alifungua duka saa mbili asubuhi, akafagia vipande vya vitambaa, akakalia kiti chake. Alikuwa na sweta za shule za kumalizia, lakini mawazo yake yalikuwa baharini. Alijifunza kuogelea ukubwani. Sasa alitaka kwenda likizo kupiga mbizi, mtungi wa hewa mgongoni. Tena alitaka kwenda peke yake.

Kaka yake mkubwa alikuwa amemjia juu. Eti mwanamke hasafiri peke yake. Eti akizama, nani atajua? Mtu ana miaka arobaini na miwili, anajilisha mwenyewe, anasomesha na watoto wa kaka huyohuyo, halafu aombe ruhusa ya kupumzika! Alikasirika mpaka akashona mfuko wa sweta juu chini.

"Sikuombi ruhusa, kaka. Nakuarifu," alimwambia, akakata simu.

Tangu hapo, kila aliyempinga alimwona adui, na kila aliyemkubalia alimwona rafiki. Wakala wa safari hakumpinga hata kidogo. Alimtafutia nyumba ya wageni na mwalimu wa mbizi. Hata fomu ya afya ya kumpa mwalimu huyo alimjazia. Fundi alibakiza kutia sahihi tu, na akamsifu wakala kwa wema wake.

Mchana jirani yake alileta sare ya kazi ibadilishwe zipu. Jirani huyu ni mpiga mbizi wa kikosi cha uokoaji. Aliiona fomu mezani, akaisoma. Ugonjwa wa moyo: hapana. Kifafa: hapana. Pumu: hapana. Hapana kumi na mbili, zimepangana kama vifungo vya koti.

"Dada, si wewe unayebanwa kifua kila ukishona sufu?" aliuliza. "Na ile dawa ya kuvuta kwenye droo ni ya nani?"

Fundi aliacha kushona. Akamuuliza kama na yeye ametumwa na kaka.

"Sijatumwa na mtu. Nenda, tena nenda peke yako. Lakini usiende na fomu hii."

Akamweleza taratibu. Hewa unayovuta chini ya maji hutanuka unapopanda juu. Kifua kizima huitoa. Kifua kilichobanwa na pumu huweza kuizuia ndani, na pafu likapasuka. Wapo wenye pumu wanaoruhusiwa kupiga mbizi, na wapo wasioruhusiwa. Wa kusema ni daktari aliyekipima kifua chenyewe.

"Hapa ukibanwa, majirani tunajua dawa iko wapi," alisema. "Kule hakuna anayekujua. Ukisafiri peke yako, fomu ndiyo ndugu yako. Wakala amemfundisha ndugu yako uongo."

Fundi aliichukua fomu, akaisoma mwenyewe. Kisha damu ikamchemka upya, safari hii kwa haki kabisa. Alifunga duka, akaenda ofisini kwa wakala, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Wakala alitabasamu. Alisema wateja wote huwajazia hivyo, kwa sababu ukiandika ndiyo, utadaiwa cheti cha daktari na safari itachelewa.

"Na pafu langu likipasuka, utanijazia na fomu ya mochwari?" fundi aliuliza.

Wateja waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Tabasamu la wakala likayeyuka. Fundi alidai fomu tupu, akaijaza mwenyewe palepale, mstari kwa mstari. Penye pumu aliandika ndiyo.

Daktari alimpulizisha kwenye mrija wa kipimo, akampandisha ngazi mbio, akampulizisha tena. Kisha akasema bado. Alimpa dawa ya kila siku, akamtaka arudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Fundi alinuna wiki nzima, lakini dawa alimeza, na kila aliposhona sufu alifunika pua na mdomo. Aliporudi, vipimo vilikuwa vizuri. Akapewa cheti.

Kabla ya kuondoka, alimtumia kaka yake tarehe za safari, jina la nyumba ya wageni na namba ya mwalimu. Hakuwa akiomba ruhusa. Alitaka mtu wa nyumbani ajue aliko.

Mwalimu aliisoma fomu kabla ya kumgusisha mtungi. Kila asubuhi alimuuliza kama kifua kinabana. Siku ya pili kilibana kidogo. Fundi angeweza kusema hapana, na boti lilikuwa linangoja. Akasema ndiyo. Akaachwa ufukweni, akashinda hapo amekunja uso. Siku ya tatu kifua kilikuwa chepesi. Alizama, mwalimu ubavuni, akapanda polepole huku akivuta na kutoa pumzi, mpaka kichwa kikatoka majini.

Jioni kaka alipiga simu kuuliza alikuwa na nani huko chini.

"Na mwalimu," fundi alisema. "Nimesafiri peke yangu, kaka, lakini huku hakuna asiyejua kifua changu kina nini."